Bonyeza Hapa Kumwita Mchawi

Malalamiko ya kwanza yaliletwa na mhasibu wa kiwanda cha maziwa. Alipiga simu asubuhi, kwa sauti ya chini kama mtu aliyefunika mdomo kwa kiganja, akasema kompyuta yake mpya imemwandikia: bonyeza hapa kumwita mchawi. Yeye ni mtu wa dini, alisema, tena ana watoto. Ameizima mashine, amechomoa waya ukutani, na anaomba aambiwe na mtu mwenye akili zake timamu afanye nini.

Ofisi ya wafasiri ilivunjika mbavu. Kilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la vifaa vya umeme, feni ya dari ikizunguka kwa kusitasita, na kazi yao ilikuwa kuzitia Kiswahili programu za kompyuta: vitufe, menyu, maonyo, yale maneno madogo ambayo watu huyabonyeza bila kuyasoma. Toleo alilolipata yule mhasibu halikuwa lao. Lilifanywa na watu wengine, kwa pupa, na aliyelifanya alikutana na wizadi ya Kiingereza, yaani kile kidirisha kinachokushika mkono hatua kwa hatua unapoweka programu au printa, akalitupa neno hilo kwenye kamusi, likarudi mchawi. Akalipachika kila mahali. Mchawi wa Printa. Mchawi wa Barua. Mchawi amemaliza kazi yake. Sasa toleo jipya lilikuwa mikononi mwao, walisafishe.

Kisha kicheko kikaanza kukatika, kama maji ya bomba yanavyokatika, kwa kukohoakohoa, maana mmoja baada ya mwingine walikumbuka nani amekaa kwenye meza ya dirishani.

Mfasiri wa meza ya dirishani hakuwa amecheka wala kukasirika. Alikuwa akisubiri watulie ili aendelee kuandika. Tangu amzike mumewe alikuwa hivyo: anafika kwa wakati, anajibu akiulizwa, chai anainywa ikiwa imeshapoa. Na wote mle ofisini walikuwa wamesikia mtaa wake unamwitaje siku hizi.

Mhariri wao, mzee waliyempa jina la Kamusi kwa sababu alizibeba tatu kichwani, alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Dada, hilo neno nitampa mwingine."

"Kwa nini, mzee?"

"Basi tu."

"Nipe mimi. Ni neno kama maneno mengine."

Kamusi alimwangalia, akaangalia viatu vyake mwenyewe, akampa.

Mumewe alikuwa fundi. Alikuwa na kichumba chini ya ngazi za jengo la biashara, mlango mmoja, meza moja, taa ya kuinamisha shingo, na humo alitengeneza simu na kompyuta zilizokwisha kukatiwa tamaa. Mashine iliyoangukia baharini, iliyomwagiwa uji, iliyokaliwa na bibi harusi, alizifungua zote kwa bisibisi nyembamba kama sindano, akizisemesha taratibu kama daktari wa watoto, na nyingi ziliamka. Ndipo wateja wakaanza kumwita Mchawi. "Mpelekeeni Mchawi pale chini ya ngazi," walielekezana. Alilipenda jina hilo. Akipita kwenye ukumbi wa jengo watu walimpungia: "Mchawi, umeamkaje?" naye alijibu, "Nimeamka na ungo wangu." Mkewe alimwonya mara moja kwamba jina kama hilo si la kuchezea, akamjibu kwamba mcheza mpira akiwachambua mabeki wanne huitwa mchawi na hakuna anayempeleka popote.

Fundi alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa kwake kwa mbali, aliyemlea baada ya wazazi kuondoka. Kwa mfasiri huyo ndiye wifi, neno moja na ile wifi ya intaneti. Fundi hakuchoka na utani huo. Dada yake akinuna, aliingia jikoni akamwambia mkewe, "Leo wifi imekata, hatuna mawasiliano." Dada naye akisikia hujifanya hakusikia, kisha anacheka peke yake akiosha vyombo.

Siku aliyokufa, walimkuta ameinamia meza. Mteja wa kwanza alidhani anatazama kitu kidogo kwa makini, akasimama mlangoni kwa adabu, akingoja. Akaja wa pili, wakangoja wote wawili wakizungumza habari za mvua, hadi mmoja alipoona kwamba kifaa cha kulehemu bado kina moto na kimeanza kutoboa ubao.

Walimpigia mkewe simu ofisini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa." Akaweka simu chini, akamalizia sentensi aliyokuwa anaifasiri, akahifadhi faili, akazima kompyuta kwa utaratibu unaotakiwa, akachukua mkoba. Hata yeye baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Mikono ilijua cha kufanya, naye aliifuata.

Habari hiyo ilifika msibani kabla yake, na ilikwisha kutiwa chumvi. Msibani kwenyewe hakulia. Si kwamba alijikaza. Alikaa kwenye mkeka, wanawake wakamshika mabega, wakamwambia lia mama, lia utoe, naye akawa anatafuta pa kuanzia hapaoni. Mwili wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini si wako. Siku ya tatu wifi yake alisimama katikati ya chumba, macho yamevimba, sauti imekwisha kabisa, akasema mbele ya watu, "Mtu amemaliza kazi kwanza ndipo akaja kumwangalia mumewe. Jicho kavu hivi nimeliona wapi? Mchawi hakuwa mdogo wangu. Mchawi ni huyu hapa."

Mtu mmoja aliinua birika, akaona halina kitu, akalirudisha chini.

Neno likashuka ngazi, likaingia mtaani. Halikupigiwa kelele, na hakuna aliyemrushia jiwe. Muuza mkate, ambaye zamani alimpa mkate mkononi na kuuliza habari za nyumbani, sasa aliuweka juu ya meza na kurudi nyuma kidogo. Mama wa ghorofa ya chini aliwaita wanae ndani kila aliposikia viatu vyake. Mfasiri aliyaona yote hayo kama mtu anayetazama mvua kupitia kioo. Alijua yanamhusu. Aliokota mkate, akasema ahsante, akapanda juu.

Kwa hiyo lile neno lilipofika mezani kwake, alilichukua kwa vidole vilevile vyenye ganzi.

Walilijadili na Kamusi siku nzima, na kwa mzee ilikuwa raha ya mwaka. Alieleza kwamba hao wenye lugha yao walianza mbali: wizadi kwao hapo mwanzo alikuwa mtu mwenye hekima tu, mzee wa kuulizwa mambo. Baadaye wakamvika kofia na kumpa fimbo, akawa wa miujiza. Baadaye tena wakaanza kumwita hivyo yeyote anayejua jambo kupita kiasi, na watu wa kompyuta wakajiita hivyo wenyewe kwa majivuno, mpaka kidirisha nacho kikarithi jina.

"Kwao limepanda," alisema Kamusi. "Letu liko palepale shimoni lilipozaliwa."

"Si kila mara," mfasiri alisema. "Mume wangu walimwita hivyo wakimsifu."

Kamusi aliitikia kwa kichwa. "Ni kweli. Akisema mtu anayecheka, ni sifa."

"Na mimi wananiita hivyo."

"Najua, dada."

Mfasiri alilisema hilo kwa sauti ileile ambayo angesema leo ni Jumanne. Kamusi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha usoni, na wakaendelea na kazi kwa kuwa hakuna kati yao aliyejua kingine cha kufanya.

Mzee alitaka sogora. Sogora ni fundi wa ngoma, alisema, hodari aliyebobea, neno zuri lenye heshima, linalala bure. Mfasiri alimuuliza ni vijana wangapi wanalijua. Kamusi akasema watajifunza. Wakapima gwiji, likawa na majigambo mno kwa kidirisha kinachouliza jina la printa. Mganga ilitoka kabla haijaingia. Mazingaombwe ingemfanya mhasibu wa maziwa ahame mji. Kiongozi ilinukia siasa. Mwishowe mfasiri aliandika msaidizi.

"Limepooza," Kamusi alilalamika. "Halina ladha."

"Halimuumizi mtu," akasema, na kuanza kubadilisha.

Wifi yake alikuja nyumbani kwake jioni ya siku hiyohiyo. Hakuwa amekanyaga hapo tangu msiba. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, mkoba juu ya magoti, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Kuna mtaalamu nimeelekezwa," alisema. "Anajua kuangalia mambo. Twende wote wawili. Kama huna kitu, huna cha kuogopa. Ukikataa, nitajua."

"Lini?"

Wifi alikuwa amekuja na maneno mengi ya kumlazimisha, na yote yakamkwama. "Jumamosi asubuhi," alisema.

"Sawa. Utakunywa chai?"

"Sinywi."

Jumamosi walikwenda kwa miguu, bega kwa bega lakini kila mmoja na njia yake. Mtaalamu alikuwa na chumba nyuma ya duka la fundi cherehani. Palikuwa safi, pana benchi la kungojea, meza yenye kitambaa cha plastiki, chupa za dawa zimepangwa kwa urefu, na kabati la chuma kama la karani. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na kalamu mfukoni. Juu ya meza ndogo pembeni kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka jeusi.

Aliwakaribisha, akawauliza hali, akakaa. Akasimama tena. Ilionekana kuna jambo linamsumbua.

"Samahani, kabla hatujaanza," alisema. "Kati yenu kuna anayejua kompyuta?"

"Wifi yangu huyu kazi yake ni kompyuta," alisema wifi, kifua mbele, maneno yakamtoka kabla hajakumbuka kilichowaleta pale. Akaangalia ukutani.

Mtaalamu alifunua shuka. Chini yake kulikuwa na kompyuta na printa mpya ambayo bado ilikuwa na utepe wa kiwandani. Aliinunua achape matangazo yake ya kubandika mtaani. Kwenye kioo kilikaa kidirisha cha rangi ya samawati: Mchawi wa Printa yuko tayari. Mchawi atakuuliza maswali machache. Chini yake, vitufe viwili: Endelea, na Ghairi.

"Kimekaa hapo tangu juzi," alisema mtaalamu. "Sijakigusa. Wala kuzima sijazima, maana sijui kikizimwa kinakwenda wapi."

"Bonyeza Endelea," mfasiri alimwambia.

"Dada yangu, mimi kazi yangu ni kupambana na hao. Wateja wanapita hapa. Mtu anione nimekaa namwambia endelea?"

Mfasiri alivuta kiti akakaa. Alikitazama kile kidirisha, na neno lile lililotapakaa humo kama alama za vidole. Akabonyeza. Mtaalamu alirudi nyuma hatua mbili hadi mgongo ukagusa kabati. Mchawi amekitambua kifaa chako. Je, ndicho hiki? Akabonyeza ndiyo. Mchawi anaandaa kifaa, tafadhali subiri. Wakasubiri watatu wote, na nyuma ya pazia cherehani ikawa inakwenda na kusimama. Printa ilikoroma, ikajinyoosha, ikatema karatasi ya majaribio yenye mistari ya rangi. Mchawi amemaliza kazi yake.

"Kumbe ni hivyo tu?" aliuliza mtaalamu.

"Ni hivyo tu. Anauliza, unajibu."

"Hafanyi kingine?"

"Hafanyi."

Aliiokota karatasi kwa ncha za vidole, akaigeuza upande wa pili, ulikuwa mweupe. Akaonekana amepata nafuu na amevunjika moyo kidogo. Alirudi mezani pake, akajiweka sawa, akavaa tena uso wa kazi.

Maswali yake yalikuwa ya kawaida. Marehemu alikuwa nani kwenu. Aliugua lini. Kuna aliyemtamkia neno baya? Wifi alijibu kwa haraka, alimtaja mdogo wake kwa majina yake yote, akaeleza lile jicho kavu, akaeleza ile sentensi iliyomaliziwa ofisini. Mfasiri hakupinga lolote. Ilikuwa kweli.

"Na siku yenyewe," alisema mtaalamu, akimgeukia mfasiri, "neno la mwisho alikwambia nini?"

"Aliniambia nisifunge dirisha la jikoni, rangi ya mlango bado mbichi."

"Na wewe, dada mkubwa? Wewe neno la mwisho alikwambia nini?"

Lilikuwa swali la kukamilisha zamu tu, hata kalamu alikuwa ameshaiinua kwenye karatasi. Lakini wifi aliushika mkoba wake kwa mikono miwili. Mtaalamu aliinua macho.

"Nimeuliza, na wewe?"

"Sikuongea naye," alisema wifi. Mkoba ulianguka kutoka magotini, akauokota, akasimama, akatoka bila kuaga, pazia likabaki linacheza.

Mtaalamu alifunika kalamu yake. "Mfuate," alisema. "Hapa kwangu kumeisha."

Alimkuta kwenye ngazi ya duka la fundi cherehani, amekaa kati ya vipande vya vitambaa, mikono imeshikana. Mfasiri akakaa pembeni yake. Wifi hakumtazama.

"Alinipigia asubuhi ile," alisema. "Kifua kinambana, mkono unauma mpaka kiwikoni. Nikamwambia ni gesi hiyo, kunywa maji ya moto. Akasema, usimwambie mke wangu, atanikokota hospitali, na nina mashine ya mtu lazima niikabidhi leo. Nikamwambia haya. Nilikuwa na sufuria jikoni, wifi. Mchuzi ulikuwa unaungua, nikataka tumalize simu." Akavuta pumzi. "Niliwahi mchuzi."

Mfasiri alisikia kila neno. Alijua kwamba hapa ndipo mtu anapaswa kuwaka moto. Akaitafuta hasira jinsi unavyopapasa ukutani kutafuta swichi katika chumba cha wageni, huku na huku, mkono ukikuta plasta tupu. Alichokipata ni picha ya mumewe ameshika simu kwa bega, bisibisi mkononi, akisema usimwambie. Ilifanana naye.

"Sawa," alisema.

"Usiniambie sawa."

"Nikwambie nini?"

"Niite lile jina nililokuita."

"Hilo neno tumelitoa, wifi. Toleo lijalo halimo."

Wifi alimtazama kana kwamba amesemeshwa kwa lugha ya kigeni, kisha akaangusha kichwa kwenye magoti na kulia, kilio cha sauti, mpaka fundi cherehani akasimamisha mashine yake. Mfasiri aliweka mkono mgongoni mwake. Mgongo ulikuwa wa moto na ulitikisika. Aliuacha mkono hapo, muda mrefu, hadi cherehani ikaanza tena.

Walirudi pamoja. Hakuna aliyemkaribisha mwenzake; walifika tu mlangoni wote wawili. Wifi aliuliza nguo za mdogo wake zimegawiwa nani, akaambiwa hazijagawiwa, kabati halijafunguliwa. Wakalifungua. Wifi aliyatoa mashati moja moja, akayanusa, akayakunja, akayakunjua, akayakunja upya. Kwenye mfuko mmoja zilitoka skrubu ndogo, zikatawanyika sakafuni, na wanawake wale wawili watu wazima wakapiga magoti kuzitafuta chini ya kitanda, moja baada ya nyingine, kana kwamba mwenye nazo atazihitaji kesho.

Siku iliyofuata wifi alikwenda kwa muuza mkate, akangoja pajae watu, akasema kwa ile sauti yake ya msibani kwamba alisema uongo kuhusu mke wa mdogo wake, na kwamba yeye ndiye aliyeusema, si mwingine, na anayetaka kuuliza amuulize yeye. Baadhi waliamini. Muuza mkate alianza tena kumpa mfasiri mkate mkononi. Mama wa ghorofa ya chini aliendelea kuwaita wanae ndani, na huenda ataendelea maisha yake yote. Neno la namna hiyo huwezi kulibadilisha kila mahali kwa mara moja.

Hata ofisini hawakuweza. Toleo jipya lilipotoka na msaidizi wake, mhasibu wa maziwa alipiga simu kushukuru, kisha akasema kwa adabu kwamba ukitaka kuandika bahasha, yule mwingine bado yumo. Kamusi alijipiga kwenye paji la uso. Akasema kama wangemsikiliza wakaweka sogora, hata wangemkuta kwenye bahasha asingewatisha.

Wifi alizoea kuja. Kwanza Jumamosi, kisha na Jumapili, kisha akaleta khanga zake na dawa zake za presha. Hawakuizungumzia tena ile simu. Walikula, waliosha vyombo, walikaa mbele ya runinga bila kuitazama sana. Mfasiri aliishi na hilo kama alivyoishi na mengine, bila kulipenda wala kulichukia.

Asubuhi moja aliingia jikoni akanyoosha mkono juu ya jiko kuchukua kichujio cha chai, mkono ukakuta hewa. Akafungua droo. Vijiko havikuwepo. Vikombe vilikuwa vimehamia palipokuwa na sahani, sahani zimepanda juu asikofika, na sufuria zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa wao kama watoto wa shule. Wifi alikuwa amesimama karibu na sinki, anafuta mikono, ameridhika na kazi yake.

Mfasiri akasikia kitu kinapanda kutoka tumboni, kidogo na chenye moto, kikamfika masikioni. Ilimchukua muda kukitambua kuwa ni hasira.

"Wifi," alisema, na sauti ikatoka juu kuliko alivyokusudia, "nani kakwambia unihamishie vyombo vyangu?"

"Nilidhani itakuwa rahisi ku…"

"Rahisi kwa nani? Hapa ni jikoni kwangu. Kichujio kiko wapi?"

Wifi alimtazama usoni, midomo ikimcheza kama mtu anayezuia kicheko. Kisha akageuka upesi, akafungua kabati la chini, akaanza kurudisha vikombe mahali pake, kimoja kimoja, na mfasiri akasimama nyuma yake, mikono kiunoni, akimwonyesha kila kimoja kinakaa wapi.